Vioo vya Hoteli ya Mama

Harufu ya chokaa mbichi ikichanganyika na mawese ya moto hunirudisha Ujiji, mwaka ule wakimbizi kutoka Burundi walipojaa mjini na mama akauza cherehani yake ili afungue hoteli ya chakula. Kilikuwa chumba kimoja chenye meza nne. Tulikipaka rangi ya buluu hadi usawa wa kiuno, juu chokaa nyeupe. Mimi, mtoto wa miaka kumi nisiyejua kutulia, nikamshawishi mama tupange vioo virefu ukuta mzima ili chumba kionekane kikubwa. Kikawa kikubwa kweli! Nilitoka na kuingia, nikatoka tena, nione tu meza nne zikiwa nane. "Mama Zena, hii hoteli au kinyozi?" jirani yetu Bi Mwajuma alitania, na mama akacheka.

Wiki nzima vibarua wa Kirundi waliobeba dagaa mwaloni, kwenye soko la samaki la ufukweni, waliingia, wakasalimu kwa adabu, wakanywa chai na kuondoka. Ugali wa muhogo na samaki wetu wa ziwani, migebuka, vikalala sufuriani. Mama hakucheka tena. Cherehani ilikwisha kwenda. Hoteli ikifa, tutashika nini? Nikashindwa kuvumilia. Nilimkimbilia mmoja wao, mama mtu mzima aitwaye Spesioza, nikamwamkia na kumuuliza kama chakula chetu kinanuka.

"Oya, hapana, mwanangu, kinanukia mpaka barabarani! Ila kwetu mtu mzima hali akitazamwa. Nanyi mmetujazia macho ukutani. Hata mimi najiona nikitafuna!"

Jioni ile ile tulivigeuza vioo vikatazama ukuta. Mama akafungua sanduku, akatoa vitenge vyake vya harusi, tukavipinda kwa sindano ya mkono na kuvitundika kwenye kamba kati ya meza na meza. Kesho yake Spesioza akajificha nyuma ya kitenge cha tausi. Mimi na mama tukashikana mikono. Mara mkono ukachomoza pembeni ya pazia na sahani tupu. "Mama Zena, ongeza!" Niliruka mpaka nikagonga beseni la maji.

Shule niliiacha mapema, nikazurura miji mingi, nikichungulia kila hoteli kuona wamepangaje viti. Juzi nilirudi, nikaingia mgahawa mpya wa mtaa wa jirani, Bangwe: vioo kila upande, vijana wanapiga picha sahani zao kabla ya kuzigusa. Pazuri, nakiri, nilipazunguka pote nikishangaa. Chakula kilipoletwa, niligeuza kiti kuelekea dirishani, nikawapa wote mgongo, vioo na watu, nikala mpaka nikaomba nyongeza.