Mshumaa wa Bibi

Laiti ningekataa kubeba sanamu ya Mtakatifu Antoni nilipokuwa mtoto. Juzi hapa Houston, maandamano ya Wakongo wenzangu yalipita kwenye maegesho ya kanisa, na tangu ninuse ule ubani sijatulia.

Kanisa letu la utotoni kule Kongo lilikuwa la mtindo wa kale wa Kibaroko, lenye nguzo zilizojipinda na malaika wanene wa dhahabu. Siku ya Antoni, mtakatifu msimamizi wetu, sanamu yake ilitembezwa mitaani na kusimama kwa kila mgonjwa, mradi mshumaa uwe unawaka mlangoni. Kumwashia Bibi, aliyekuwa hoi kitandani, ilikuwa kazi yangu.

“Wewe mrefu, shika mbele!” katekista aliniita mwaka ule, sanamu ilipokuwa ikitolewa.

Nilidhani mtakatifu angesimama mwenyewe, kwa kuwa nimembeba, basi sikwenda kuuwasha mshumaa. Tulipita mlango wa Bibi moja kwa moja.

“Mume wangu,” Bibi aliniuliza jioni, kama alivyozoea kuniita mimi mjukuu wake, “hata Antoni amenichoka?”

Niliona aibu kukiri kosa langu. Alikufa kesho yake akiamini hivyo, nami nikakosa msamaha wake.