Watano kwa Mshale Mmoja

Bi Mwavuli hakuzaliwa na jina hilo, lakini lilikuwa limemkaa kama nguo aliyoshonewa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa karani katika ofisi ya vitu vilivyopotea ya shirika la treni, na meza yake ndiyo iliyopokea miavuli. Kazi ilikuwa hivi: kitu kikiokotwa, karani anakiandika kwenye daftari na sifa zake zote. Mwenyewe akija, anataja alama kwanza, ndipo daftari lifunguliwe. Asiyeijua alama haondoki na kitu, hata alie machozi ya damu.

Zilikuwa zimebaki wiki sita astaafu, na alitaka jambo moja tu: barua ya kuagwa. Katika shirika lile, kila anayeondoka huandikiwa barua na msimamizi wake, yenye majina yake yote matatu, ikieleza alikuwa mtu wa namna gani. Bi Mwavuli alikuwa amewapigia makofi wengi wakisomewa za kwao, na mara nyingine kwa roho ngumu, maana wengine walikuwa wavivu wa kutupwa. Mumewe, fundi seremala aliyekwisha kutundika randa yake, alishachonga fremu ya mninga na kuipigilia misumari ukutani sebuleni, tupu.

"Hapo patakaa picha ya nani?" wageni waliuliza.

"Patakaa mimi," Bi Mwavuli alijibu, na hakufafanua.

Sasa tuseme ukweli, ofisi yenyewe haikuwepo tena. Mwaka na nusu nyuma ukuta wake ulipata ufa unaopitisha mkono, ikafungwa, na makarani watano wakaambiwa wafanyie kazi majumbani. Vitu vilibaki stoo, mtunza stoo akawa anavipiga picha na kuzituma. Daftari nalo likahamishiwa kwenye kompyuta pepe, ambayo mtaalamu wa makao makuu alikuja kuwaeleza.

"Ni kompyuta kamili," alisema, "ila haipo."

"Haipo wapi, mwanangu?" aliuliza Bi Mwavuli.

"Haipo popote, mama. Inaishi ndani ya kompyuta nyingine kubwa. Mtaingia humo kutoka nyumbani, wote watano. Mlango mmoja na jina moja la kuingilia: Mtumishi wa Kwanza."

"Na Mtumishi wa Pili?"

"Wa pili anahitaji kibali," mtaalamu alisema, akafunga mkoba wake na hakuonekana tena.

Basi shirika lenye treni arobaini likakosa vibali vinne vya ziada, na watu wazima watano wakajikuta wanatazama skrini ileile, kila mtu nyumbani kwake, na mshale mmoja. Ukisogeza wewe, unasogea kwa wote. Akisogeza mwenzako, unakuponyoka kama sabuni. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Hapa walikuwa watano, na zizi lenyewe halikuwepo.

Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Wote waliandika kwa pamoja, na daftari likapokea "mwavuli mweusi wenye meno ya chini, unanuka karafuu, wa kike." Mzee mmoja aliyepoteza meno bandia aliletewa mwavuli, na kwa kuwa alama zote zililingana, ilibidi atie saini.

Bi Mwavuli ndiye aliyeleta ustaarabu. Alifungua ukurasa mweupe kwenye kona ya skrini na kuweka sheria: anayetaka mshale apige hodi pale, aliye nao amalize anachoandika, aseme karibu, auachie. Ikawa desturi yao. Mshale ulizunguka kwa adabu kama kata ya maji. "Hodi." "Karibu, habari za asubuhi?" "Njema, nina viatu viwili tu, sichelewi." Mumewe, aliyeuona mshale ukitembea peke yake wakati mkewe yuko jikoni, mwanzoni aliuogopa. Baadaye alizoea, akawa anaupa shikamoo kila asubuhi, kwa sababu hakujua umri wake na hakutaka kukosa adabu.

Wenzake walikuwa wanne. Pua aliandika vitu kwa harufu. Hata walipoanza kufanya kazi kwa picha aliendelea kuandika "unanuka samaki mkavu," na mtunza stoo, akienda kunusa, alikuta ni kweli. Shibiri alipima kila kitu kwa kiganja, siku hizi akikibandika kwenye skrini. Wakili, ambaye hakuwa wakili ila alipenda kutojifunga, aliandika "kinachodhaniwa kuwa kofia." Kimya hakuzidisha maneno mawili: "Begi. Bovu." Bi Mwavuli mwenyewe alikuwa na kosa moja ambalo msimamizi wao wa zamani, kabla hajastaafu na nafasi yake kuachwa wazi, alimkemea miaka yote bila kumponya: kila maelezo aliyamalizia kwa kumpa pole aliyepotelewa.

Basi, wiki sita kabla ya siku yake, zikaja barua mbili kutoka makao makuu. Ya kwanza ilikuwa ya pongezi. Mtumishi wa Kwanza alikuwa ameteuliwa mfanyakazi bora wa shirika zima, kwa kufanya peke yake kazi ya watu watano bila kukosa hata siku moja, hata siku alizoonekana kuandika huku anakula. Ya pili ilikwenda kwa makarani watano, kila mmoja na nakala yake. Ilisema uchunguzi umeonyesha kwamba kwa mwaka na nusu hawakuwahi kuingia kwenye mfumo hata mara moja. Walikuwa wameachishwa kazi kuanzia siku hiyo, na kwa kuwa walikuwa wazembe, hapangekuwa na barua za kuagwa. Walishauriwa wamwige Mtumishi wa Kwanza.

Shukrani ya punda ni mateke. Bi Mwavuli aliisoma mara tatu akiwa amesimama, kisha akakaa chini ya ile fremu na kulia. Hakulia kwa kufukuzwa, maana alikuwa anaondoka hata hivyo. Alilia kwa sababu ilikuwa kama hakuwahi kuja.

"Waandikie," mumewe alisema.

"Niwaandikie kupitia wapi, Baba watoto? Mle ndani mimi siye mimi."

Wakati huo Mkuu wa Utumishi, mtu wa haki kwa kadiri ya fomu alizokuwa nazo, alitaka kumpongeza mshindi ana kwa ana. Siku ya Jumatano saa nne aliingia kwenye kompyuta pepe na kuandika: "Hongera! Tafadhali andika jina lako kamili." Watano wote walikuwa wanasubiri nafasi hiyo. Kwa uchungu na haraka wakasahau sheria yao wenyewe, wakaandika kwa pamoja, na likatokea jina la herufi sabini na mbili.

"Ni jina refu," Mkuu aliandika. "Nikuite nani kwa kifupi?"

Hapo ndipo watano wakakumbuka adabu, na adabu ikawamaliza.

"Hodi."

"Karibu, tangulia wewe."

"Hapana, mama, tangulia wewe, wewe ni mkubwa."

"Inadhaniwa kuwa atangulie mwenye malalamiko makubwa."

"Tangulia. Mama."

"Asanteni. Mkuu, sisi ni watano."

Mkuu wa Utumishi alimtazama mfanyakazi wake bora akijipigia hodi, akijipisha, akijishukuru, na mwishowe akijihesabu. Aliandika taratibu, kama mtu anayeongea na aliyepanda juu ya bati: "Ndugu yangu, umefanya kazi kupita kiasi, na kosa ni letu. Nakupa likizo ya wiki mbili. Kapumzike, kula vizuri." Akafunga mlango wa kompyuta pepe, na skrini tano katika nyumba tano zikawa nyeusi.

Asubuhi ya pili Bi Mwavuli alivaa gauni lake la sherehe na kwenda makao makuu kwa miguu yake. Mlinzi wa getini aliangalia orodha, hakumwona.

"Humu hawaingii wasio wafanyakazi, mama. Unamtaka nani?"

"Nimekuja kudai kitu kilichopotea."

Kwa hilo palikuwa na fomu, na fomu haikuuliza kama mtu yupo. Akapandishwa ghorofa ya tatu, chumba chenye feni inayogeuka upande mmoja tu, mpaka mbele ya Mkuu wa Utumishi.

"Umepoteza nini, mama?"

"Mtu. Karani. Wa kike, miaka hamsini na tisa. Mmempoteza humu ndani, naomba mnirudishie."

Mkuu alivua miwani. "Mama, tangu jana nimepigiwa simu nne na watu wanaosema wao ndio Mtumishi wa Kwanza. Kila mtu anataka kuwa mfanyakazi bora. Nitajuaje?"

"Utajua kama sisi tunavyojua, mkuu. Usifungue daftari. Nitakutajia alama kwanza. Isipolingana, nitoe nje."

Akaitaja. "Yule wa kwangu, akimaliza kuandika kitu, humpa pole mwenyewe. Ni kosa, hairuhusiwi, nimekemewa sana. Sikuweza kuacha."

Mkuu alifungua daftari. Alisoma kwa sauti: "Miwani ya kusomea, kioo cha kulia kina ufa. Pole, mwenyewe atakuwa anasoma kwa jicho moja." Akashuka chini. "Kiatu cha mtoto, cha kushoto, chekundu. Pole kwa aliyekemewa." Akashuka tena. "Mwavuli wa bluu, umeshonwa mara mbili kwa uzi usiofanana. Pole, huyu alikuwa anaupenda." Aliendelea kusoma, si kwa sauti tena, mpaka chai yake ikapoa.

"Huyu ni wewe," alisema.

"Ndiyo, ni mimi."

"Chukua. Namaanisha, utarudishwa kazini leo."

Mwingine angeaga mbio kabla bahati haijageuka. Bi Mwavuli alikaa vizuri zaidi kwenye kiti. "Bado wanne, mkuu. Penye harufu ni mmoja. Penye shibiri na vidole ni mwingine. Penye 'kinachodhaniwa' ni wa tatu. Na yule wa maneno mawili usimwonee, anafanya kazi kuliko sisi wote, tatizo haongei."

Walikaa mpaka saa tisa wakimpasua Mtumishi wa Kwanza vipande vitano, mstari kwa mstari. Kazi ilipokwisha, Mkuu alijishika kichwa. Watano wamepatikana, sawa. Lakini Mtumishi wa Kwanza hakuweza kufutwa, kwa sababu mfumo haukubali kumfuta mwenye tuzo. Alikuwa na likizo, alikuwa na cheti, na hakuwa na kazi. Mkuu alifikiri, akatazama orodha ya nafasi zilizo wazi, akaona moja tu: msimamizi wa ofisi ya vitu vilivyopotea.

"Amepandishwa cheo," alisema kwa unyonge. "Kuanzia atakaporudi likizo, huyo ndiye bosi wenu."

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Bi Mwavuli aliteremka ngazi moyo ukiwa nusu mwepesi, nusu mzito. Amerudi kuwepo, ndiyo. Lakini barua ya kuagwa huandikwa na msimamizi, na msimamizi wake sasa alikuwa mtu asiyekuwepo. Nani angemwandikia? Aandike mwenyewe? Heri fremu ibaki tupu kuliko kujisifu kwa mkono wake.

Siku yake ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Aliandika miavuli mitatu, akawapa pole wenyewe watatu, na saa tisa alitaka kuzima. Mshale ukamponyoka. Haukupiga hodi. Ulifungua ukurasa mpya, wenye nembo ya shirika juu, na yeye akakaa kutazama bila kugusa kitu, mumewe amesimama nyuma ya kiti.

Kwanza yaliandikwa majina yake matatu, lake, la baba yake na la babu yake, bila kosa. Kisha mshale ukatulia, kama mtu anayempisha mwingine, na ukaendelea.

"Anayedhaniwa kuwa anastaafu leo ni karani ambaye, kwa ushahidi wote uliopo, hakuwahi kumdharau mtu."

Ukatulia.

"Kimo, shibiri nane na vidole viwili. Moyo haukupimika, kiganja hakikutosha."

Ukatulia.

"Ananukia sabuni ya kufulia na karatasi za zamani."

"Ni kweli," mumewe alinong'ona.

Ukatulia kwa muda mrefu zaidi, kisha yakaja maneno mawili: "Usiende, mama."

Chini yake mstari mmoja uliongezwa polepole, ukifutwa na kuandikwa upya, na hapo hakuweza kujua ni nani kati yao, kwa sababu alama ile haikuwa ya yeyote ila yake: "Pole kwa wenyewe, watakuwa wanamtafuta." Na mwisho kabisa, saini: Mtumishi wa Kwanza, Msimamizi.

Bi Mwavuli alifuta macho kwa ncha ya kanga. Alikwenda kwenye ukurasa mweupe wa pembeni, akaandika kwa mara ya mwisho: "Hodi."

Wanne hawakungojana. Walijibu wote kwa mpigo, na kwenye skrini likatokea neno "Kakarikabukaririburibubu." Mtu mwingine yeyote angesema mashine imeharibika. Yeye alilisoma lote, mara nne, kila moja kwa sauti ya mwenyewe.