Walimu wa Kwa Kogo

Mwezi uliopita nilipita nyumbani, kule juu ya Kapkatet. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na majani chai yalinukia vilevile kama nilipokuwa msichana wa darasa la tano, miguu mitupu, kikapu mgongoni. Kuna habari moja ya siku hizo, rafiki yangu, nataka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa wengine.

Tuliambiwa walimu wa Kiingereza wanakuja kutoka ng'ambo, mtu na mkewe, wa kujitolea. Wiki nzima hatukusoma. Tulifyeka nyasi, tukapaka mawe chokaa, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Mwalimu mkuu alimwomba nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Kogo, alete kibuyu cha mursik cha kuwapokea wageni, maana hakuna aliyemfikia kwa kusugua kibuyu kwa mkaa na kugandisha maziwa. Alileta kile kikubwa chenye shanga.

Gari likasimama. Wakashuka watu wawili weusi kama sisi, mwanamume mrefu na mwanamke mwenye kofia pana, wote wakitabasamu. Sisi tukaendelea kuchungulia nyuma yao.

"Wazungu wako wapi?" jirani yetu akauliza kwa sauti.

"Si ndio hawa," dereva akasema.

Wimbo ukafa. Walikuwa wametoka visiwa vya Karibiani, ambako watu weusi huzungumza Kiingereza tangu utotoni, lakini nani alijali? Mwalimu mkuu aliwasalimu kwa ncha za vidole, kisha akakichukua kibuyu na kuanza kukirudisha ofisini. Eti tungoje wageni wenyewe. Kogo alimfuata mpaka mlangoni akamnyang'anya.

"Hii maziwa ni yangu, mwalimu. Kama hujui kupea mgeni, mimi najua."

Akawamiminia palepale, mbele ya watu wote, halafu akawapeleka kwake wakae huko. Ile nyumba ya shule tuliyokuwa tumewaandalia ikabaki na kufuli lake.

Pale kwa Kogo tuliishi nao vizuri sana, na asikudanganye mtu. Mwalimu wa kike alisonga ugali siku ya kwanza bila kufundishwa, kwa kuwa kwao pia husonga unga wa mahindi, na Kogo akapiga makofi. Mumewe kuchuma chai kulimshinda kabisa. Alijaza kikapu majani magumu, Kogo akayamwaga yote huku akimwambia ameleta kuni. Jioni walitufundisha jikoni, moshi ukitutoa machozi, chai ya maziwa ikichemka, na Kogo akirudia kila neno kwa sauti kutushinda.

Mwalimu mkuu hakutulia. Aliitisha mkutano wa wazazi akasema shule imepunjwa, hawa hawatatuletea wafadhili, waliowatuma waombwe watubadilishie. Vichwa vikaitikia, hata vya wazazi ambao watoto wao walikuwa wameanza kusoma vitabu vizima peke yao. Mimi nilikuwa dirishani, nje, nikisikiliza. Mwalimu wa kike ndiye mtu wa kwanza shuleni kuniambia nina akili, na sasa walitaka kumrudisha kama mzigo uliokosea njia.

Kogo akasimama.

"Hawa wanalala kwangu," akasema. "Mkitaka kufukuza wao, kujeni boma yangu mnifukuze mimi kwanza. Nitakuwa hapo mlangoni."

Akaketi, akajifunga leso vizuri. Hakuna aliyekuja. Walimu walikaa mpaka nikamaliza darasa la nane, na haohao waliotaka wabadilishwe wakawa wanaleta watoto wao jioni, jikoni pakajaa hadi wengine wakakalia mitungi ya maji.

Sasa lile jiko halipo. Kogo tulimzika kando ya shamba lake. Walimu walirudi kwao zamani, na huko kwenye mashamba makubwa chai inakatwa na mashine. Hayo yote nimeyakubali, ingawa yananiuma. Lakini siku ile niliyopita nyumbani nilimkuta jirani yetu dukani, mzee sasa, akiwasimulia vijana jinsi kijiji kizima kilivyowapokea wale walimu kwa nyimbo na maziwa. Vijana wakanigeukia niitikie. Kwetu, mzee akisema, unacheka kidogo na kuyaacha yapite.

"Hapana, mzee," nikasema. "Nyinyi mliwanyima. Aliyewapa ni Kogo, peke yake."