Jirani Asiyeonja

Kijijini Kurui, mama jirani husuka ukili wa mkeka barazani kwake, vidole vikijiendea vyenyewe, macho kwenye jiko la Melkiori. Nyama ya nguruwe hajaitia mdomoni maisha yake yote, na moshi ukimwelekea huhamisha mkeka bila kununa. Lakini marehemu Tereza, mkewe Melkiori, alipojifunza kambini kwa Wachina waliojenga reli kuipika kwa utamu na uchachu, yeye na jirani huyo walipiga soga ng'ambo ya ua kila alipoipika.

Leo Melkiori anaijaribu mara ya tatu tangu msiba. Mara mbili ilitoka chachu tupu, na anaogopa ladha ile imezikwa pamoja na mkewe. Anachukua nanasi alitie sufuriani. "We shemeji!" jirani anaita toka barazani. "Nanasi sasa hivi, unataka liwe uji?" "Basi lini?" "Shoga yangu alianza na ukwaju na sukari, mpaka rojo liwe zito. Nanasi mwisho, sufuria imeshaepuliwa." Melkiori anafanya hivyo, anaonja. "Ndiyo yenyewe?" jirani anauliza polepole, ukili umetulia mapajani. Melkiori anaitikia kwa kichwa. Kipande cha nyama bado kiko mdomoni, hataki kukimeza.