Kibao cha Mashine ya Asali

Siku ya kwanza kazini niliripoti na suruali iliyopigwa pasi na kiburi cha kijana wa Itigi aliyefaulu hesabu. Meneja wa kampuni yetu ya uwakala wa forodha, pale mpakani Namanga, hata vyeti vyangu hakuvitazama. Alinipa ankara, yaani karatasi ya muuzaji yenye bei, akataka nimwambie bidhaa ile ikifika Singida itakuwa imegharimu kiasi gani. Nikajumlisha bei na nauli, nikarudi nikitabasamu. Akaisoma, akasema, "Umeshamfilisi mteja."

Ndipo nikafundishwa. Ushuru wa forodha hauhesabiwi juu ya bei peke yake. Nauli na bima huingizwa humo kwanza. Kodi ya ongezeko la thamani nayo hukaa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe. Halafu kuna ada ya wakala, ndiyo sisi, na tozo ya ghala inayokua kila siku mzigo unapolala. Vyote vimo kwenye sheria, ila muuzaji hana sababu ya kukutajia.

Nikapelekwa Tunduma, chini ya mkuu wa tawi aliyegomba kutwa nzima, kisha nikarudishwa Namanga nikiwa mkuu wa tawi mwenyewe, nami nikagomba vilevile. Huko ndiko alikonikuta mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki wa Mitundu, upande wa kwetu Itigi, mama mtu mzima aliyetoka Kenya na mashine ya kukamulia asali. Wanachama walikuwa wameuza mbuzi kuinunua. Mkononi alibakiwa na nauli na akiba kidogo.

Nilimpa shikamoo, nikamtuliza. Mashine iliyotengenezwa ndani ya Afrika Mashariki husamehewa ushuru ikiwa na cheti cha uasili, kinachothibitisha ilikotengenezwa. Cheti alikuwa nacho, na malipo mengine akiba ile ingeyatosha. Ofisa forodha akaenda kulinganisha namba ya cheti na ya mashine. Kibao cha kiwandani chenye namba hiyo hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na matundu ya skrubu, na kando yake alama iliyokwaruzwa kwa msumari.

"Kibao kiko wapi, mama?" nikauliza.

"Nimemrudishia mwenyewe," akasema. "Sisi ukinunua mzinga, alama ya aliyekuuzia unaitoa unamrudishia, unaweka yako. Sasa mwanangu, niende nyumbani na kitu chenye alama ya watu, waseme nimeiba?"

Kwao huo ni uungwana. Kwa forodha, ilikuwa mashine isiyojulikana ilikotengenezwa, ya kutozwa ushuru kamili ambao kikundi hakingeumudu. Ikikaa ghalani mno, hupigwa mnada. Niliogopa kweli, maana watu wale ni wa kwetu na mbuzi wasingerudi.

Nikampigia simu fundi aliyeitengeneza. Alicheka, akasema alidhani ni mila ya kuagana, akakitundika kile kibao ukutani. Kesho yake kikaja kwa basi. Ofisa akakiweka juu ya matundu, yakalingana yote manne. Akasoma namba, akagonga muhuri. Nilipiga makofi kwa furaha.

Mama hakushangilia. Alinitazama akauliza, "Haya yote ulikuwa unayajua?"

"Ndiyo, mama."

"Na sisi kabla hatujanunua, tungemuuliza nani?"

Miaka yote ile riziki yangu ilitoka kwa watu waliokwisha kukwama, na nilikuwa sijawahi kuliona hilo. Niliona aibu.

Sasa nimestaafu, niko Itigi. Anayetaka kuagiza kitu ng'ambo huja kwangu kwanza, simu mkononi, kabla hajatuma hela. Juzi alikuja dada mmoja fundi cherehani, anataka mashine ya kudarizi. Tukahesabu wote hadi tozo ya mwisho. Akaguna, akasema hela haifiki, atasubiri alizeti yake ivunwe, akaondoka akinishukuru. Maisha yangu yote ya kazi, sijawahi kufurahi kukosa mteja namna ile.