Jaketi niliyomgeuzia shemeji yangu

Wakuu, sasa. Wa steji na wa ofisini, wote niwapate mkiwa salama.

Mimi hapa huwa msomaji tu. Nacheka na comments za watu, naondoka. Leo nimeamua kuandika. Sitatia chumvi, maana stori yenyewe haihitaji, na pale nilipokosea nitasema ni mimi.

Mimi ni mtu wa bodaboda, miaka kumi na moja sasa. Naishi Kinoo, na steji yangu, pale tunapongojea wateja, ilikuwa Lavington. Wateja wetu kule ni mahausihelp na watu wa bustani. Wenye nyumba wana magari yao, sisi wanatujua kwa kelele tu.

Shemeji yangu Musyoka, mume wa dadangu mdogo Ndinda, alikuwa mmoja wa hao wa bustani. Nikamvuta kwenye boda. Nilimfundisha kuendesha mimi mwenyewe, nikamwombea nafasi kwa steji yetu. Kijana mpole sana, yule mtu anayeomba msamaha akikanyagwa yeye.

Shida yake ilikuwa moja, baridi.

Anayeijua Waiyaki Way mwezi wa saba asubuhi ananielewa. Musyoka alikuwa anafika Lavington meno yanagongana, hata salamu haitoki.

Nikasema nitamtafutia jaketi. Nikaenda town kwa mzee mmoja wa mitumba, mtu wa Pwani, kanzu na kofia, mpole wa maneno. Akanitolea jaketi nyeusi, nzito, ya waendesha pikipiki wa ng'ambo. Mgongoni, ndani ya bitana, kulikuwa na kitu kigumu kama ubao, kimetoka shingoni mpaka kiunoni.

Nikamwambia akitoe, kinaongeza uzito bure.

"La, mwanangu, usikitoe," akasema. "Hiyo ni kinga ya uti wa mgongo. Jaketi hii si ya baridi. Ni ya kuanguka."

Wakuu, nilikasirika. Nimekuja kununua nguo, mtu ananitabiria ajali! Nikaichukua nikaondoka, na maneno ya yule mzee sikumwambia mtu yeyote.

Musyoka aliivaa vizuri siku mbili. Nikisema vizuri namaanisha zipu mbele, kama mtu wa kawaida. Lakini zipu ilikuwa imelegea, upepo ukawa unaingia.

Wasio wa boda niwaeleze kidogo. Sisi jaketi tunaigeuza. Mgongo wa jaketi unakuja kifuani, zipu inabaki nyuma, upepo unakosa pa kupitia. Ukiivaa zipu mbele steji itakuuliza kama unaenda harusi. Walimcheka Musyoka, na mimi nilikuwa wa kwanza kucheka.

"Shem, geuza hiyo jaketi," nikamwambia. "Wewe si mgeni hapa."

Akageuza. Ule ubao ukaja kifuani, ukawa unamfikia kooni kila akiinama.

"Shem, hii kitu inanikaba."

"Utazoea."

Jaketi iliyogeuzwa huwezi kujifungia mwenyewe. Kwa hivyo kila asubuhi, nje ya plot tunapopanga sote pale Kinoo, Musyoka alikuwa ananipa mgongo, namfungia zipu, nampiga bega, tunawasha. Niseme ukweli, nilikuwa naipenda hiyo dakika. Nilijiona kaka mkubwa.

Siku yenyewe kulikuwa na manyunyu. Tulikuwa na kazi ya kupeleka miche ya maua kwa nyumba moja Kitisuru. Yeye mbele, mimi nyuma, kila mtu na katoni yake. Barabara za kule ni nyembamba na zina miti mingi. Majani yalikuwa yameanguka yakaloa, lami ikawa inateleza kama sabuni.

Gari likatoka getini kinyumenyume.

Musyoka akashika breki, pikipiki ikalala ubavu ikaenda zake, na yeye akarushwa akaanguka chali. Mgongo ukapiga ukingo wa mtaro, ule wa saruji.

Nilipomfikia hakukuwa na damu. Helmeti iko kichwani, mkanda umefungwa. Kifua hakina hata mkwaruzo. Nikashukuru Mungu kwa sauti, nikajua tumepona.

"Shem," akaniambia, "nitolee pikipiki kwa miguu, imenilalia."

Pikipiki ilikuwa ng'ambo ile ya barabara.

Soja wa geti, mzee wa makamo, alikuja anakimbia. "Msimguse huyo! Mwacheni vile amelala, ambulance ikuje!" Mama mwenye gari alikuwa tayari anapiga simu.

Lakini sisi watu wa boda tuna sheria yetu, kwamba mwenzetu halali barabarani watu wakimwangalia. Ni aibu kwetu. Mariders wawili walikuwa wamesimama, na wote wananiangalia mimi kwa sababu mimi ndiye mtu wake.

Nikasema, "Tumwinue."

Mmoja akashika makwapa, mwingine miguu, mimi kiuno. Tukamkunja tukamwingiza kiti cha nyuma cha gari la yule mama, tukamkalisha wima, kichwa kimeegemea bega langu. Alipiga yowe moja tu. Sijawahi kusikia sauti hiyo kwake, na tangu hapo kila nikiwasha pikipiki inaplay kwa kichwa changu bila kuitwa.

Hospitali, baada ya picha za mgongo, daktari aliniita kando. Alikuwa ameshika jaketi, wameikata na makasi.

"Mbona ilikuwa imegeuzwa?"

"Baridi, daktari."

Akagonga ule ubao kwa kidole mara mbili. Halafu akaweka kidole katikati ya ubao. "Pingili ya uti wa mgongo imevunjika hapa," akasema.

Nikamuuliza kama ubao ungekuwa nyuma ungemwokoa.

"Siwezi kukuambia ndiyo, na siwezi kukuambia hapana. Pigo lingepungua. Na nasikia mlimleta amekaa?"

Nikaitikia. Heri angenifokea.

Musyoka hatembei, wakuu. Huu ni mwezi wa tisa tangu aanguke. Kutoka kiunoni kwenda chini hahisi kitu.

Watu hudhani kupooza ni miguu tu. Hakuna mtu hukuambia habari ya mkojo. Hakuna mtu hukuambia kwamba mtu asiyehisi, asipogeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili, ngozi inaanza kuoza na yeye hajui. Ndinda huenda kazi mchana, kwa hivyo mchana ni zamu yangu. Nimehama steji ya Lavington, napiga kazi hapa hapa Kinoo. Nabeba wateja wawili watatu, narudi, namgeuza, natoka tena. Amekuwa mwepesi sana.

Na kuna jambo lililokuwa linaniua zaidi ya hayo. Kila wageni wakija, wa kanisa au wa kutoka ushago, kule kijijini, Ndinda anawaambia, "Ni Mungu na jaketi ya ndugu yangu. Bila hiyo jaketi kifua chake kingepasuka." Wananiombea. Nainamisha kichwa nasema amina, na Musyoka pale kitandani anaongeza, "Kweli, shem aliniokoa."

Kwa hivyo ndugu zangu wa boda, nawaomba kwa machozi. Ukipata jaketi yenye ubao, ubao ukae mgongoni. Upepo ukikusumbua kifuani weka hata karatasi ya nailoni ndani, weka gazeti, weka chochote, lakini mgongo uachie kinga yake. Ukicheka mwenzako amevaa vizuri, ujue unacheka nini. Na mtu akianguka akasema hasikii miguu, msimwinue. Zuieni magari, mfunikeni, mshike kichwa kisiyumbe, mngoje wenye machela. Aibu ya kulala barabarani huisha siku hiyo hiyo.

Jumamosi iliyopita nilishindwa, nikamwambia Ndinda yote. Mzee wa mitumba, steji, zipu, daktari. Alikuwa anafua shuka za Musyoka nyuma ya nyumba. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya karai. Nilikuwa nataka anitukane, hata anipige. Alilia tu, akajipangusa uso na mkono wenye povu.

Halafu akaniita kwa jina la mwanangu, akasema, "Baba Mwende, mimi sijui kama nitakusamehe. Sijui. Lakini yeye usimwambie. Akikukataa, ni nani atakuwa anamgeuza?"

Nikashika ncha ya shuka, tukaikamua.

Ndiyo maana nimewaambia ninyi. Mwenye ushauri autoe, mwenye matusi pia nayapokea, lakini pole zenu mpeni Musyoka. Nitajibu comments baadaye kidogo, imefika saa yake ya kugeuzwa.