Nilimwomba Jirani Azime Taa Ili Nipige Picha ya Galaksi

Nilipomwomba jirani yangu azime taa ya uani, alinimwagia maji ya baraka.

Sitanii. Chupa nzima, shingoni, katika baridi ya Juni, hapa mtaani kwetu Pito.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima. Mwalimu alituagiza kila mmoja apige picha, aandike habari zake na kuzisoma mbele ya darasa. Wenzangu walipiga picha za mbuzi.

Mimi nilitaka galaksi mbili zinazovutana.

Binti yangu Hilaria, mwalimu wa fizikia Mbeya, alikuja na darubini ya shule yenye kamera. Asubuhi angeondoka nayo. Tulibakiwa na usiku mmoja, na taa ya jirani yangu Rozina ilifanya kila picha itoke nyeupe kama uji.

Nikabisha hodi.

"Dada Rozina, naomba uzime taa kwa saa tatu. Kuna vitu vya angani haviji kukiwa na mwanga."

Ndipo nilipomwagiwa.

Hilaria alicheka hadi akakaa chini. "Mama, hapo umejilipua mwenyewe!"

Nikarudi mlangoni kwa Rozina, ningali nachuruzika. "Basi zima, kisha uje unilinde. Ukiniona napaa, piga yowe."

"Nikiona ungo tu, naita mtaa mzima!"

"Ita."

Akazima. Akaketi nyuma yangu, rozari mkononi, kitenge hadi puani. Saa tano usiku Hilaria aliziunganisha picha kwenye kompyuta: madoa mawili ya mwanga yameshikana, kila moja likiburuta mkia mrefu.

Rozina akaikatisha Salamu Maria. "Zinagombana au zinakumbatiana?"

"Vyote, mama mdogo," Hilaria akajibu. "Lakini nyota zenyewe zinapishana tu."

Kisha Rozina akasema, "Mama Hilaria, taa ile niliifunga kwa sababu yako. Tangu mwaka juzi unarudi gizani umeficha kitu ndani ya kitenge."

"Daftari, Rozina! Niliona haya kujulikana najifunza a, e, i!"

Darasani nilisoma bila kukwama. Rozina, aliyekuja kusikiliza, alipiga makofi kuliko wote.

Mtaani, hata hivyo, waliotuona gizani wamekwisha kufunga taa mpya nyumba nne.

"Waache," Rozina anasema. "Angalau sasa tunaogopwa wawili."

Funzo langu: daftari libebwe mkononi, lionekane. Na anayemwomba jirani giza aanze kwa kutaja kamera.